Risasi Hamsini za Papa Dieudonné

Mnaniita Mama Chai, na sikatai. Chai ya baada ya ibada pale Blacktown, huku ughaibuni, naipika mimi, na sijawahi kusikia mtu akiilalamikia. Lakini Jumapili iliyopita mmoja wenu, binti muuguzi aliyefika majuzi tu kutoka Eldoret, aliniona nikipima majani ya chai kwa kijiko na kuyasawazisha juu kwa ubapa wa kisu, akaniuliza, "Mama, kwani ulikuwa mfamasia?" Nikamwambia, hapana mwanangu, nilikuwa natengeneza risasi. Alicheka mpaka akamwaga maziwa. Kwa hiyo nimekaa niwaandikie, maana naona mnanijua nusu tu.

Nitawaambia mapema kinachonisukuma kuandika, msije mkadhani ni majigambo. Mwaka wa pili wa Korona niliwahi kumpa mtu boksi la risasi hamsini. Arobaini na tisa zilikuwa sawa. Moja niliijaza baruti mara mbili, na sikujua ni ipi. Boksi lilikuwa Bankstown, mtaa mwingine wa jiji hili hili, ndani ya kabati la chuma la mwanaume aliyeniamini kuliko alivyoamini kiwanda chochote, na siku ya yeye kuzipiga ilikuwa inakaribia. Yote nitakayosema hapa yanaelekea huko, hata nikionekana nazurura.

Kazi yenyewe ilikuwa Rooty Hill, kwenye banda lililo nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aitwaye Les. Leseni zake zilikuwa ukutani, zimefungwa kwenye fremu safi kuliko picha za harusi yake. Les alitengeneza risasi za silaha za zamani, zile za majeshi zilizouzwa baada ya vita, ambazo viwanda vilishaacha kuzihudumia. Wateja wake walikuwa wanachama wa klabu za shabaha, watu wazima wapole wanaotoboa karatasi Jumamosi kisha wanaenda nyumbani kukata nyasi. Mimi nilikuwa nimetoka kiwanda cha kufunga vidonge. Les aliniuliza swali moja tu siku ya kwanza: "Ruth, ukihesabu vidonge mia halafu mtu akakuita jina, unafanya nini?" Nikasema, naanza upya kuhesabu. Akaniambia nije Jumatatu.

Msifikiri ni kazi ya siri au ya ajabu. Risasi ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba, ambalo hutumika tena na tena kama chupa ya soda. Kuna fataki, kidude kidogo kitakoni kinachowasha. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa cha madini ya risasi kinachokwenda kutoboa. Mtu akishapiga, ganda linabaki. Wewe unaliosha, unalirudishia umbo lake kwa mashine ya mkono, unatoa fataki iliyokufa, unaweka nyingine, unamimina baruti iliyopimwa, unakandamiza kichwa. Basi. Ugumu wake ni kufanya hivyo mara elfu moja bila kuwaza kitu kingine.

Wiki yangu ya kwanza nilivunja sindano tatu. Sindano ndiyo inayosukuma fataki kuukuu itoke, ikipita kwenye tundu lililo katikati ya kitako. Nilikuwa nakandamiza, kitu kinagoma, nakandamiza kwa nguvu zaidi, kach! Les aliniachia mpaka ya tatu. Ndipo akachukua ganda, akanipa tochi, akaniambia, "Chungulia ndani kabla hujatumia misuli." Nikachungulia. Hapakuwa na tundu moja katikati, palikuwa na matundu mawili madogo pembeni. Kumbe kuna maganda ya kijeshi ya nchi nyingine yanayotengenezwa hivyo, na sindano yetu isingepata pa kupita hata ningeita wanaume wanne. Tangu siku hiyo nikawa mchunguliaji. Nilichungulia kila ganda, na nikianza kuchungulia nilishindwa kuacha.

Kitakoni mwa ganda kuna herufi na tarakimu zilizogongwa kiwandani. Mimi ambaye shuleni Kitale historia ilinipiga chenga, nilijikuta naandika herufi hizo kwenye daftari na kumsumbua Les. Hili la wapi? Hili la mwaka gani? Nani alilipiga mara ya kwanza, na alimpiga nani? La mwisho hakulijibu kamwe. Alikuwa akisema, "Sisi tunauliza yanayopimika."

Kupima ndiko kulikonifanya niipende kazi ile, na ndiko kulikonikutanisha na Papa Dieudonné.

Alikuja banda letu mwaka mmoja kabla ya Korona. Mwanaume mrefu kutoka Bukavu, dereva wa gari la mizigo la ghala moja, anakaa Bankstown na mke na watoto wanne wanaomjibu kwa Kiingereza. Aliponisikia nikijibu simu kwa Kiswahili nusura aniamkie kwa kunikumbatia. Alikuwa na leseni, ana klabu, na alikuwa amenunua rivolva ya Kiingereza ya zamani, ile ya kuvunjika katikati unapotaka kutoa maganda, waliyobeba askari wa vita vikuu na baadaye polisi wa makoloni.

"Mama, hii pistolet inanichokesha," aliniambia, akinikunjulia karatasi ya shabaha. "Risasi inafika imelala. Angalia."

Nikaangalia. Matundu kwenye karatasi hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa marefu, umbo zima la risasi ubavu. Maana yake ilikuwa inatoka mtutuni ikibiringika hewani badala ya kwenda imetanguliza pua. Nilifurahi sana, nisiwadanganye. Mteja ana shida, na mimi nafurahi kama nimepewa zawadi.

Les aliniachia. Nikachukua kipande cha madini laini ya risasi, nikakipaka mafuta, nikakisukuma taratibu kutoka mwanzo wa mtutu hadi mwisho kwa kijiti cha mbao, kikatoka kimechukua umbo la ndani. Nikakipima. Kisha nikapima risasi za dukani alizokuwa akitumia. Zilikuwa nyembamba kuliko mtutu, tofauti ndogo kama unene wa karatasi, lakini inatosha. Mtutu haukuzishika, kwa hiyo zilipita zikigongagonga kuta. Bastola ile na zile za kisasa huitwa kwa namba ile ile ya upana wa mtutu, na wauza duka wengine wanaamini jina. Nilimyeyushia vichwa vinene vya kumtosha. Wiki iliyofuata alileta karatasi yenye matundu ya mviringo, akaibandika mwenyewe ukutani kwetu.

Nilimuuliza siku ile swali ambalo halipimiki. Papa, wewe uliyetoka huko, ulikimbia bunduki. Unatafuta nini tena humu?

Alifikiri kidogo. "Ku Bukavu hii kitu niliiona ku mikono ya batu bengine tu. Sikujua iko namna gani ndani. Nilitaka niishike mimi, mu fasi yenye iko na sheria, niifungue, nione ni chuma tu." Akaifungua, akaifunga. "Na ni chuma tu, mama."

Basi ndiye mtu mwenyewe.

Halafu Korona ikaingia. Nyinyi wengi mlikuwa mnavaa magauni ya plastiki kwenye nyumba za wazee, nami sitajilinganisha na nyinyi. Kwetu ilikuja hivi: meli zilichelewa, fataki zikaadimika madukani, na watu waliotudharau kwa kuokota maganda makuukuu wakaanza kutupigia simu kwa sauti tamu. Les alikuwa na miaka themanini na moja na mapafu mabovu. Binti yake alimkataza kukanyaga bandani. Kwa hiyo bosi wangu akawa anasimamia kazi kutoka dirisha la jikoni, amevaa barakoa mle ndani ya nyumba yake mwenyewe, akigonga kioo nikikosea. Nilizoea mpaka nikawa najua mgongo wa kidole chake unasema nini. Mara moja, pole pole. Mara mbili, acha. Mimi pia alinilazimisha barakoa, hata nikiwa peke yangu na mashine.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili ndiyo yaliyotubana. Sisi wa magharibi ya jiji tulifungiwa kuliko wenzetu wa pwani, helikopta za polisi juu, huruhusiwi kutoka eneo lako bila sababu. Bahati yangu Rooty Hill ni vituo viwili tu vya treni kutoka kwangu. Papa Dieudonné, kwa kuwa alikuwa dereva wa mizigo, alikuwa na kibali cha kupita. Akaniagiza hamsini za siku klabu zitakapofunguliwa.

Wiki hiyo hiyo dada yangu Nafula akafariki Kitale.

Nafula ndiye aliyenilea. Nilipokuwa darasa la pili yeye alikuwa tayari anauza mboga ili mimi nivae viatu. Mipaka ilikuwa imefungwa, ya kutoka na ya kuingia. Nilijaza fomu ya kuomba ruhusa nikajua najisumbua. Mazishi yakapangwa asubuhi ya kule, ambayo huku ni saa kumi na moja jioni, na waombolezaji wa mbali tukapewa kiungo cha Zoom.

Mngeniuliza kwa nini siku hiyo nilienda kazini. Binti yangu Nekesa aliniuliza pia, tena kwa ukali. Nilimjibu kwamba kazi ya mtu inangoja. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa kwenye sofa nikiangalia dada yangu akizikwa kwenye simu. Nilitaka mikono yangu iwe na la kufanya.

Nikaegemeza simu kwenye kopo la mafuta, nikaendelea na hamsini za Papa Dieudonné. Huo ndio ujinga wangu. Kanuni ya kwanza ya Les ilikuwa hakuna redio, hakuna simu, hakuna mazungumzo wakati wa kumimina baruti, nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine kanuni hiyo.

Sasa nisikilizeni kuhusu utaratibu, maana ndipo kosa lilipojificha. Nilitumia kibao chenye matundu hamsini. Ganda lisilojazwa hukaa kichwa chini. Unalichukua kwa mkono wa kushoto, unaligeuza, unalimiminia kipimo kimoja, unalirudisha likiwa limesimama. Ukikatizwa, kibao kinakwambia ulipofika: waliosimama wameshakula, waliopiga magoti bado. Ni utaratibu mzuri sana. Nilikuwa naringa nao.

Kwenye simu, mtu alikuwa anasoma wasifu wa Nafula. Kinanda kikagoma. Nekesa, aliyekuwa kwake akiangalia mazishi hayo hayo, alikuwa ananiandikia, "Mum, you're not on mute, we can hear banging." Nikazima sauti yangu. Kisha mchungaji akasema, "Wapendwa, tusimame tuombe."

Nikasimama.

Vijana, ni nani kati yetu angebaki ameketi? Mtu anaombewa akishushwa kaburini, ni dada yako, na umeambiwa simama. Nilisimama bandani peke yangu, Rooty Hill, nikafumba macho, nikainamisha kichwa. Maombi yalikuwa marefu. Waliposema amina nami nikasema amina, nikaketi, nikajifuta machozi, nikaona ganda liko mkononi mwangu. Nikalimiminia baruti, nikaliweka kwenye kibao.

Mwisho wa kazi nilimulika yote hamsini kwa tochi, kama inavyotakiwa. Unaangalia kama baruti iko usawa mmoja kote. Lakini pumzi ilikuwa inapanda kutoka kwenye barakoa na kuziba miwani, na macho yenyewe yalikuwa yamejaa. Nilimulika kwa sababu kanuni inasema mulika, na sikuona chochote. Nikakandamiza vichwa, nikafunga boksi, nikapima chupa ya baruti iliyobaki, nikaandika uzito kwenye utepe, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi yake Papa Dieudonné akapita na gari lake akalichukua.

Miezi miwili ikapita. Majira ya kuchipua yakaja na habari kwamba tunafunguliwa, na klabu zingeanza Jumamosi. Alhamisi ya wiki hiyo nikachukua ile chupa nianze kazi mpya. Nikasoma utepe. Nikatoa uzito wa mwisho kwenye uzito wa mwanzo, kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ile ile. Nikagawanya kwa uzito wa kipimo kimoja. Hesabu haikunipa hamsini. Ilinipa hamsini na moja.

Mara ya kwanza nilishangaa tu, ule mshangao wangu wa kawaida. Nilirudia hesabu. Nilisafisha mizani, nikapima upya. Nikajiambia labda nilimwaga kipimo kimoja mezani, lakini mimi nikimwaga huandika, na sikuandika. Nilikaa nikaangalia kile kibao. Waliosimama wameshakula, waliopiga magoti bado, sasa wa ziada alipitia wapi? Ndipo kidole gumba changu cha kushoto kikanikumbusha. Niliposimama kuomba nilikuwa nimeshika ganda, na nilikuwa nimeziba mdomo wake kwa gumba. Mtu hazibi ganda tupu. Nililiziba kwa sababu lilikuwa na baruti isimwagike.

Ganda lile ni refu, lina nafasi ya kumeza vipimo viwili bila kukuonyesha dalili. Na ile rivolva ilikuwa na umri wa kumzidi Les. Ikipigwa na baruti maradufu ingeweza kupasuka, na mkono unaoishika uko nyuma yake, na uso uko nyuma ya mkono.

Nikaenda dirishani nikamweleza Les kupitia kioo. Hakugonga. Alisema tu, "Mpigie."

Nikampigia kwa simu ya banda. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, Alhamisi yote. Baadaye ndiyo nilijua kwa nini: simu ile haikuonyesha namba, na Bankstown nzima wakati huo ilikuwa haipokei namba isiyojulikana, kila mtu akihofia ni watu wa afya wanakuja kumfungia siku kumi na nne. Ijumaa nikatumia simu yangu, nikamwachia ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Na hapa ndipo mtanicheka vizuri. Ujumbe ulikuwa wa dakika nne. Nilianza kwa kumwamkia, nikamuuliza habari za kazi, nikamuulizia mke wake, nikawataja watoto mmoja mmoja, nikampa pole za kufungiwa, nikamshukuru Mungu kwa chanjo. Neno "usipige zile risasi" lilikuwa kwenye dakika ya nne. Yeye alisikiliza mpaka kwa mtoto wa pili, akaona ni salamu za heri za Mama Nekesa, akaiweka atasikiliza Jumapili akiwa ametulia.

Mimi niliona zile alama mbili za buluu, nikajua amesikia. Nililala usingizi mzuri.

Jumamosi asubuhi nikamtumia neno kuuliza ataleta boksi saa ngapi. Akajibu kwa furaha: "Boksi gani mama? Niko ku klabu, tunaanza!" na picha ya karatasi nyeupe ya shabaha. Nikapiga, hapokei. Alishaziba masikio kuzuia milio, kama wapigaji wote.

Les alikuwa hajaendesha gari kwa miezi minne. Alitoka na funguo kabla sijamaliza kueleza. Nilikaa nyuma, vioo vyote chini, upepo unatupiga, mzee amevaa barakoa mbili anaendesha kwa kasi ambayo binti yake hajaambiwa mpaka leo. Nilikuwa naangalia mikono yangu nikiwaza mkono wa Papa Dieudonné, ule wa kushika usukani wa gari la mizigo, na watoto wanne.

Uwanja wa shabaha tuliusikia kabla ya kuuona. Kila mlio nilidhani ndio. Nikaruka gari likiwa bado linatambaa, nikakimbia mimi na miaka yangu sitini na sita, nikamwona wa tatu kutoka kulia, ameinua mkono. Sheria ya viwanja vyote ni kwamba mtu yeyote, hata mpita njia, anaweza kuamuru kusitisha, na kuna maneno yake rasmi ya Kiingereza ambayo nimeyafundisha kwa miaka. Yaliniishia. Nilipiga kelele, "Wacha! Wacha! Dieudonné, wachaaa!"

Msimamizi wa uwanja, mama mmoja mwenye kofia pana, hakujua neno hata moja, lakini uso wangu aliuelewa. Akapuliza filimbi. Wote wakashusha silaha.

Alikuwa ameshapiga kumi na mbili. Sita nyingine zilikuwa ndani ya rivolva.

Akazitoa, tukazitia mfukoni pamoja na zile za kwenye boksi, thelathini na nane jumla, tukarudi nazo Rooty Hill, yeye akitufuata kwa gari lake bila kuuliza. Huwezi kuipata mbovu kwa mizani. Maganda yale yalikuwa ya viwanda tofauti na vita tofauti, yanapishana uzito kuliko baruti yenyewe. Njia ni moja, uzivunje zote. Kuna nyundo ya plastiki yenye tumbo tupu: unaiingiza risasi, unaigonga kwenye gogo, kichwa na baruti vinachomoka kwa mshtuko. Nikagonga moja, nikapima baruti, sawa. Ya pili, sawa. Papa Dieudonné alisimama mlangoni kwa umbali uliotakiwa, mikono kifuani.

Ya ishirini na moja ikamwaga chungu mara mbili ya wenzake.

Tuliiangalia wote watatu. Les alikuwa dirishani. Sijui na sitajua kama ilikuwa miongoni mwa zile sita.

Nilimweleza Papa Dieudonné yote, kuanzia Nafula. Nilimwambia kosa ni langu, silaumu barakoa wala simu. Akasema, "Mama, ungesema kwanza ile ya kufa, kiisha unisalimie." Nilitaka kucheka na sikuweza. Akaongeza, "Pole ya dada. Hukuniambia."

Nikamgeukia Les, nikamwambia nimeacha kazi, mikono yangu haiaminiki tena. Papa Dieudonné ndiye aliyejibu, na kwa hasira ya kwanza niliyowahi kumwona nayo. "Na mimi nani atanitengenezea? Ile ya dukani inalala! Weka tena, mama. Minangoja."

Nikatengeneza hamsini mpya mbele yake. Simu niliiacha kwenye gari la Les. Kabla ya kukandamiza vichwa nilivua miwani nikaifuta, nikamulika, kisha nikampa yeye tochi amulike kila tundu. Alichungulia moja moja, taratibu, akahesabu kwa Kifaransa.

Jumamosi iliyofuata nilienda klabu. Nitawaambia kitu: miaka yote ile sikuwahi kupiga risasi hata moja. Hakuna aliyenikataza, sikutaka tu. Lakini siku hiyo nilimwambia msimamizi mwenye kofia nijaziwe fomu za mgeni, kwa sababu ya kwanza katika hamsini zile nilitaka niipige kwa mkono wangu. Kama kuna mkono utakaoharibika, uwe ulioijaza. Papa Dieudonné alibisha, nikamwambia aende akasimame nyuma.

Nilijaziwa risasi moja. Nikaishika rivolva kwa mikono miwili, nzito kuliko nilivyodhani, nikavuta mpaka ikalia. Ikaruka kidogo. Ikatulia. Mkono wangu ulikuwepo. Kule mbele karatasi ilikuwa na tundu moja la mviringo, mbali kabisa na katikati.

Nikaiweka mezani, imefunguliwa, kama inavyotakiwa. Pembeni wengine wakaanza kupiga, uwanja wote ukanguruma. Kwetu mtu akifa huliliwa kwa sauti, tena sauti ya kufika ng'ambo ya pili, na mimi kwa miezi miwili nilikuwa nimemlilia Nafula kwenye mto, kwa sababu ukuta wa fleti yangu ni mwembamba na jirani ana mtoto mchanga. Nilifungua mdomo nikamwita dada yangu. Nilimwita kwa jina lake lote, nikapiga yowe kama wanavyopiga mama zetu, mpaka koo likakwaruza, katikati ya wanaume na wanawake ishirini waliosimama mstari mmoja wakiangalia mbele, na wote walikuwa wameziba masikio.